Kopo la Vyambo Bandia

Juu ya kabati langu la vitabu pana kopo la biskuti lililoota kutu pembeni. Wajukuu wangu wakija likizo huniomba niwafungulie, nami huwafungulia kwa sharti moja: waangalie kwa macho tu, wasiguse, maana karibu kila kilichomo kina ndoana. Humo mna vitu vinavyofanana na chakula na wala si chakula. Ni vyambo bandia vya kuvulia samaki wawindaji, yaani wale samaki walao samaki wenzao na wadudu wa majini. Kopo hilo nililirithi kwa baba, na baba alilipata kwa Mzungu mmoja. Leo, ndugu msomaji, nataka tulifungue pamoja, kwa sababu niliyojifunza humo kuhusu uongo sikufundishwa darasani wala kanisani, ingawa kote huko nimekaa miaka mingi.

Nilizaliwa mwaka 1951 katika kihamba cha baba yangu, upande wa Marangu, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni asubuhi husikia maji ya mto kabla hajasikia jogoo. Lakini kwetu sisi Wachagga wa zamani mto ulikuwa wa mifereji ya kumwagilia migomba, haukuwa wa kitoweo. Bibi yangu, mama yake baba, hakula samaki hata siku moja. Kwake samaki alikuwa ndugu wa nyoka, na sufuria iliyopikiwa samaki hakuiruhusu ipite mlangoni pake. Kwa hiyo watu walishangaa sana waliposikia kwamba baba yangu, mtoto wa mama yule, analipwa mshahara kwa kuwafuata samaki mtoni.

Samaki wenyewe walikuwa wageni. Trauti hana asili ya Afrika Mashariki. Hupenda maji baridi yaendayo kasi, yenye hewa nyingi, kama yale yatokayo msituni juu ya vihamba vyetu. Walowezi walimpenda kwa sababu alikuwa samaki wa kwao, wakampandikiza katika mito ya milimani ya Afrika Mashariki. Huko Kenya, mwaka 1905, Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Na mito ya Kilimanjaro nayo ikapata wa kwake. Mzungu wa baba alikuwa na shamba la kahawa chini ya barabara, na kila Jumamosi alasiri alipanda mtoni na fimbo yake ndefu, naye baba akimfuata nyuma na mkoba, mwavuli na lile kopo.

Mwaka 1962 Mzungu yule alirudi kwao. Baba alitarajia koti, au walau saa. Alipewa kopo. Mama aliudhika kwa muda wa wiki nzima, lakini baba alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba.

Ndani, kopo lilikuwa limegawanywa kwa vipande vya karatasi ngumu, likawa na vyumba vitano. Chumba cha kwanza kilikuwa cha nzi. Hawa si nzi wa kweli, bali ni ndoana ndogo zilizozungushiwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo, zikawa na umbo la mdudu. Wako nzi wa kuelea, ambao husimama juu ya maji kwa ncha za manyoya kama mdudu aliyetua sasa hivi, na wako nzi wa kuzama, wanaoigiza mdudu anayekokotwa na maji au kisamaki kidogo. Baba alijifunza kuwafunga kwa kumtazama Mzungu, na jogoo wetu wekundu walilipa gharama yake. Nimekuja kujua baadaye kwamba kazi hiyo ilishika mizizi kwa majirani zetu wa Kenya, ambako mafundi wengi hufunga nzi kwa mkono ili wauzwe Ulaya na Marekani. Na wengi wa mafundi hao hawajapata kumvua trauti hata mmoja. Wanafunga mdudu wa mto wasioujua, kwa samaki wasiyemla. Neno hilo lilinichoma nilipolisikia, na sababu utaiona mbele.

Chumba cha pili kilikuwa cha vijiko. Chambo hiki ni kipande cha bati au shaba kilichobonyea kama kijiko cha chai kisicho na mkono, upande mmoja tundu la mshipi, upande wa pili ndoana. Wanasimulia kwamba Mmarekani mmoja, Julio Buel, aliangusha kijiko ziwani akiwa anakula, akamwona samaki akikirukia. Hati yake ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1852. Kijiko kikivutwa majini huyumba huku na huku na kumulika, kama samaki mgonjwa anayeonyesha tumbo lake jeupe.

Chumba cha tatu kilikuwa na vizungushi: waya mwembamba wenye jani la bati linalouzunguka mtu anapovuta mshipi. Huyu hategemei mmuliko peke yake. Jani likizunguka hutetemesha maji, na samaki ana mstari wa hisia ubavuni mwake, kuanzia kichwani hadi mkiani, unaomwambia kwamba kuna kitu kinatapatapa jirani hata kabla jicho halijakiona.

Chumba cha nne kilikuwa na samaki wawili wa mti, waliochongwa na kupakwa rangi, wenye ulimi mdogo wa bati chini ya kinywa. Ulimi huo ndio siri yao. Maji yakiusukuma, samaki wa mti huinama, huzama, na kutikisika kama anayechechemea. Huko Finland mvuvi maskini, Lauri Rapala, alichonga wa kwake mwaka 1936 kwa gome la mti, akamfunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti na kumpaka utomvu wa filamu za picha zilizoyeyushwa. Alikuwa amewatazama samaki wakubwa wa ziwa lake wakipita katikati ya kundi la samaki wadogo, akaona kwamba humchagua yule mmoja anayeogelea vibaya.

Chumba cha tano kilikuwa kitupu. Nilimwuliza baba kwa nini. Akasema, "Hicho ni cha yule ambaye bado hajatengenezwa."

Somo kubwa la kopo hilo baba alinipa siku moja tu, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa mtoni, nami nilikuwa nimefunga nzi wangu wa kwanza. Alikuwa nzi mzuri kweli: manyoya yamelala sawasawa, uzi haukuachia hata mahali pamoja. Nilimtupa mara ishirini, trauti wakampita kama wanaopita mbele ya duka lililofungwa. Baba akamchukua, akamtia kinywani, akamchana manyoya kwa meno upande mmoja, akanirudishia amechakaa. Mara ya tatu alipogusa maji, akaliwa.

"Samaki huyu si mjinga," baba akaniambia. "Mdudu mzima ana mabawa, ataruka. Samaki mdogo mzima ana mkia, atakimbia. Yeye anamtafuta aliyeumia. Ukitaka akuamini, mwonyeshe palipovunjika."

Tena akanieleza jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba si njaa tu inayomnasa samaki. Methali yetu husema tamaa mbele, mauti nyuma, na mara nyingi ni kweli. Lakini trauti aliyeshiba huuma pia: huuma kwa hasira, kwa kuona mgeni ameingia mahali pake, huuma kwa kushtuka, kwa kuwa kitu kimempita karibu upesi mno. Na baba alidhani, ingawa hakuna mtaalamu atakayemuunga mkono, kwamba wako samaki wazee wanaouma wakijua.

Sasa nije kwa kaka yangu. Alinizidi miaka minne, na mapenzi ya baba yalikuwa kwake, jambo ambalo nilililalamikia moyoni kwa muda mrefu. Bwawa la Nyumba ya Mungu, huko chini tambarare kusini ya Moshi, lilikamilika katikati ya miaka ya 1960, na kwa muda mfupi likajaa samaki ajabu. Watu walimiminika kutoka kila upande na nyavu, migono na mitumbwi. Samaki wakavuliwa, wakakaushwa kwa moshi, wakasafirishwa kwa malori. Kaka akashuka mwaka 1969. Alimwomba baba kijiko kimoja kutoka kopo, akapewa kile cha shaba.

Krismasi alirudi akicheka. Alisema kambare wa Nyumba ya Mungu walikidharau kijiko cha Mzungu. Maji yale ni ya matope, na kambare huwinda usiku. Macho kwake ni kitu kidogo, tegemeo lake ni masharubu na harufu. "Unajua wenzangu wanatumia nini?" akauliza. "Sabuni! Sabuni ya mche, inakatwa vipande kama sukari ya donge, inatungwa kwenye ndoana mia, na asubuhi unakuta kambare wamening'inia." Bibi, aliyekuwa hai bado, alitoka nje. Lakini baba alifurahi mno. Alisema hiyo nayo ni chambo bandia, tena bora kuliko zote za kopo, kwa sababu aliyeigundua alikuwa amejiuliza kambare anaingiwa kwa mlango gani. Trauti mlango wake ni jicho, akasema, mwingine ni ubavu, kambare ni pua. Kila kiumbe kina mlango wake.

Samaki wa Nyumba ya Mungu hawakudumu kwa wingi ule. Miaka ya 1970 ilipokwenda, walipungua sana, na wavuvi wengi wakatafuta maji mengine. Kaka akaenda Mwanza. Mwanzoni alikuja kila Krismasi, kama ilivyo desturi yetu, kwamba Mchagga awe Dar es Salaam au awe Mombasa, Disemba ataonekana kihambani. Halafu akakosa moja, kisha ya pili.

Februari 1978 niliandikiwa barua. Haikupelekwa nyumbani kwa baba, ililetwa shuleni nilikokuwa nikifundisha. Kaka aliniomba shilingi 300. Alikuwa ameibiwa nyavu, anadaiwa, na mwenye mtumbwi alikuwa karibu kumfukuza. Aliniomba nisimwambie baba. Mimi wakati ule nilikuwa naezeka nyumba yangu. Bati lilikuwa ghali. Niliiweka barua ile ndani ya kitabu cha jiografia nikasema nitaijibu mwisho wa mwezi. Sikuijibu mwisho wa mwezi ule, wala wa uliofuata. Nikiwa mkweli, nilifikiri pia: sasa mpendwa wa baba ajue dunia ilivyo. Barua ya pili haikuja.

Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, vita vikaanza. Vijana wengi walichukuliwa, habari za kuaminika zikawa chache, na Mwanza kwa mawazo ya baba ilikuwa mlangoni pa vita. Alianza kuamka usiku. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hata alikuwa akimtambua mtu kwa hatua zake. Aliniuliza kila nilipopita: "Ndugu yako hajaandika?" Nami nilijibu hajaandika, huku nikijua kwamba aliandika, na kwamba kama angejibiwa huenda angeandika tena.

Disemba 1979, siku tatu kabla ya Krismasi, nilikwenda na karatasi mfukoni, nikaketi karibu na kigoda cha baba, nikamwambia, "Baba, kuna barua."

Nilikuwa nimeiandika mwenyewe usiku. Ilisema kaka ni mzima, hakuchukuliwa vitani, anavua, anakula vizuri, amekosa nauli ya kuja. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliinyosha mikono, akaitaka, akaipapasa, akaiweka kifuani ndani ya shati. Usiku ule, mama aliniambia, alilala mpaka asubuhi.

Basi nikawa fundi. Kwa miaka saba niliandika barua mbili kwa mwaka. Niliandika ziwa ambalo sikupata kuliona, na nyavu nisizojua kuzishona. Niliuliza mambo kwa dereva mmoja wa lori aliyekwenda Mwanza. Niliuliza habari za sangara, yule samaki mkubwa aliyepandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambaye akikomaa sana anaweza kupita kilo 100, na ambaye katika miaka ile ya 1980 alikuwa ameanza kulitawala ziwa. Barua zangu zikapendeza. Kaka wa barua hakuugua, hakudaiwa, hakutukana. Alikuwa, kusema kweli, mtoto bora kuliko yule aliyezaliwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho mwaka 1983. Utakumbuka, kama ulikuwa mtu mzima, jinsi mwaka ule ulivyokuwa. Sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna, na sabuni ndiyo kabisa. Mama alikuwa akifulia majani ya mpapai. Nami katika kutafuta jambo la kumfurahisha baba, nikakumbuka alivyopenda kisa cha kambare. Nikaandika kwamba kaka amewafundisha wenzake kuvua kambare kwa sabuni ya mche, na kwamba wametumia vipande mia kwa usiku mmoja.

Nilisoma hadi hapo, baba akainua kiganja.

"Soma tena hapo pa sabuni."

Nikasoma tena.

"Vipande mia," akasema. Akanyamaza. Mama alikuwa uani, amechutama, anasugua shuka kwa majani. Sauti ya kusugua ilifika ndani. "Mama yako asiisikie hiyo," baba akasema. "Atafunga safari kwenda Mwanza."

Hakusema zaidi, na mimi nilijidanganya kwamba alitania. Lakini miezi miwili baadaye, tukichambua kahawa, yeye kwa vidole na mimi kwa macho, aliniuliza kama namkumbuka nzi wangu wa kwanza, yule mzuri. Nikasema namkumbuka.

"Hakukamata kitu," akasema.

"Hakukamata, baba."

"Barua za ndugu yako ni nzuri mno." Aliendelea kuchambua, punje mbaya huku, punje nzuri huku. "Ijayo, mwanangu, ichane kidogo."

Nilijua kwamba anajua. Sikumwomba msamaha, maana kuomba msamaha kungekuwa kumaliza barua, na yeye hakuwa amesema nimalize. Alikuwa amesema niichane. Nilikwenda nyumbani nikakifungua kile kitabu cha jiografia, nikaisoma barua ya kaka ya mwaka 1978 kwa mara ya kwanza tangu niliyoifungia humo. Mwandiko wake ulipanda na kushuka. Alikosea tahajia ya jina langu. Mstari mmoja aliufuta, lakini ulisomeka: ninaona haya kurudi mikono mitupu.

Barua iliyofuata sikuitunga yote. Nilichukua maneno yale yale, nikayatia. Nilimwandikia baba kwamba kaka aliibiwa nyavu, anadaiwa, alijichoma mkono kwa ndoana na kidonda kimechelewa kupona, aliomba msaada kwa mtu wa karibu akanyimwa, na anaona haya kurudi mikono mitupu. Nilipoisoma sauti yangu ilikatika mahali pawili. Baba aliniomba niirudie. Nikairudia. Machozi yalimtoka katika macho yale yasiyoona, na uso wake ulikunjuka kuliko nilivyouona kwa miaka minne.

"Huyu sasa ndiye mwanangu," akasema. Halafu, baada ya muda, akauliza, "Na huyo aliyemnyima, hali yake ikoje?"

Nikamwambia, "Hana amani, baba."

"Mwambie asiache kuandika."

Baba alifariki mwaka 1986, tukamzika kihambani, chini ya migomba. Barua zote, kumi na nne, zilikuwa chini ya mto wake. Nilizichukua nikaziweka pamoja na ile ya kumi na tano, ya kweli.

Kaka alirudi Krismasi ya mwaka 1991. Alishuka kwenye basi Himo, akapanda kwa miguu, na mimi nilimtambua kwa hatua kabla ya sura, kama baba. Hakuwa tajiri wala fukara. Alikuwa amefanya kazi katika mitumbwi ya watu, Ukerewe, Musoma, na kwingineko. Katika mfuko wa koti alikuwa na kitu amekifunga kwa gazeti: samaki aliyemchonga kwa mpira wa kandambili kuukuu, mwenye ulimi wa bati la kopo la maziwa. Alikuwa amewaona wageni fulani waliokuja kuvua kwa starehe, wakirambaza kwa mashua ya injini na samaki wao wa kununua, wakiwapata sangara. Akaenda akatengeneza wake kwa takataka zilizotupwa na maji. "Nilitaka nimwonyeshe mzee," akasema.

Kwetu mtu akitaka kumwomba mwenzake msamaha mzito humpelekea jani la sale, na jani hilo halikataliwi. Jioni ile nilikata la kwanza nikaliweka juu ya kaburi, na la pili nikamshikisha kaka, kisha nikampa barua zote kumi na tano, nikatoka nje nimwache asome.

Nilimsikia akicheka alipofika penye sabuni. Baadaye sikusikia kitu. Nilipoingia, alikuwa ameshika ile iliyochanwa. Alinionyesha kiganja chake cha kushoto, kovu refu limepita chini ya kidole gumba.

"Hii ya ndoana," akaniuliza, "nani alikuambia?"

Nikasema hakuna aliyeniambia. Alilikunja jani la sale taratibu, akalitia katika mfuko wa shati, akasema nimletee kopo.

Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya uongo, na naamini mengi yake. Sijaandika haya ili nijitetee. Zile barua za kwanza zilikuwa dhambi ya kuifunika dhambi, na kama zilimpa mzee usingizi, usingizi huo nilikuwa nimemwibia mimi mwenyewe kwa shilingi 300. Ninalosema ni hili tu, kwamba chambo bandia hakimnasi kiumbe mwenye akili kwa uzuri wake. Kinamnasa pale kinapoonyesha jeraha, kwa sababu jeraha ndilo peke yake ambalo hakudhani mtu angejisumbua kuliigiza. Na aliyetaka kuliigiza vizuri hulazimika, siku moja, kutazama la kweli. Mimi nililazimika kufungua kitabu cha jiografia.

Wajukuu huniuliza ni kipi katika kopo kinachokamata zaidi. Huwaonyesha samaki wa kandambili, amelala katika chumba cha tano, kwa kuwa rangi yake bado inapendeza. Lakini katika chumba cha kwanza, chini kabisa, yuko nzi mmoja mwekundu aliyechakaa, manyoya yamechanwa upande mmoja kwa meno. Huyo huwa siwaonyeshi.